Magari ya waya na gemu za TV ya chogo nayo yawekwe Makumbusho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nichangie jambo ambalo siku hizi linazungumzwa sana na watu wa rika langu hapa Dar es Salaam, yaani sisi tuliokuwa watoto katika miaka ya 1980 na 1990. Tukikutana kijiweni, harusini, hata msibani mara baada ya mazishi, mazungumzo hayakawii kuhamia kwenye gemu za TV kama Mario, Contra na Tetris, na kutoka hapo kwenye magari ya waya, tiara na goroli. Sina ugomvi na kumbukumbu hizo, kwa kuwa nami ni mmoja wa wasimuliaji. Hoja yangu ni kwamba tunavililia zaidi vile ambavyo tayari vina watunzaji wake, huku tukiviacha vipotee vile ambavyo havina mtunzaji mwingine duniani isipokuwa sisi wenyewe.

Tetris ilibuniwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984. Super Mario Bros. ilitolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 1985, kwa ajili ya mashine ya Famicom ambayo ilikuwa imeingia sokoni nchini humo mwaka 1983. Historia ya gemu hizo imeandikwa na kurudiwa, na mwaka 2015 zote mbili zilikuwa katika kundi la kwanza la gemu kupewa heshima ya kudumu katika makumbusho ya michezo ya Strong, yaliyopo mji wa Rochester, jimbo la New York nchini Marekani. Hata huko hali si shwari kabisa, kwani uchunguzi uliotolewa mwaka 2023 na taasisi ya Video Game History Foundation ulionyesha kuwa asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya mwaka 2010 hazipatikani tena madukani kwa njia halali. Lakini angalau wenzetu wamehesabu, na wanajua kilichopotea ni kiasi gani.

Kwetu hakuna aliyehesabu. Tanzania Bara ilipata vituo vya televisheni mwaka 1994, na katika nyumba nyingi TV na gemu viliingia kwa kufuatana kwa karibu. Mashine nyingi tulizozikuta Kariakoo hazikuwa za Nintendo bali nakala zilizotengenezwa Taiwan na China, zikiwa na kaseti zilizoandikwa kwa majivuno kwamba zina gemu 9999, ambazo ukizipitia unakuta ni zile zile chache zinazojirudia kwa majina mengine. Nakala hizo zilikuwa na mambo yake. Katika Contra ya asili, mchezaji aliyetaka maisha 30 alilazimika kubonyeza juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kisha B na A. Lakini baadhi ya kaseti za nakala zilimpa mchezaji maisha hayo, au hata nafasi ya kuchagua hatua ya kuanzia, bila kumtoa jasho. Mtu anayetaka kuiona Contra ya asili leo ataipata bila taabu. Anayetaka kuiona ile tuliyoicheza sisi uswahilini atahangaika sana, kwa sababu watunzaji wengi wa ughaibuni wamehangaikia zaidi gemu halisi kuliko nakala zake.

Isitoshe, utamaduni wenyewe wa vibanda vya gemu haumo ndani ya kaseti yoyote. Chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, TV ya chogo (ile ya zamani yenye mgongo mkubwa) juu ya meza, benchi moja lililobeba watoto kuliko uwezo wake, na mwenye kibanda anayekusanya sarafu na kuamua ugomvi: nani atayaandika hayo? Ilipokuja PlayStation na mpira wa Winning Eleven, sheria ikawa anayefungwa anaachia pedi, na nadhani wapo wanaume wazima mjini hapa ambao hadi leo hawajasameheana kwa mabao ya wakati huo.

Kazi yangu ni ufundi wa redio na televisheni, na ninaandika pia kwa sababu ya yale ninayoyaona mezani kwangu. Wapo wateja wanaoniletea mashine hizi za zamani wakitaka watoto wao wazione zikifanya kazi. Nyingi zinatengenezeka, tatizo huwa ni kutu kwenye meno ya kaseti, ambayo hewa yetu ya pwani na ule mtindo wetu wa kupuliza kaseti kwa mdomo vyote vimechangia. Lakini ile bastola ya plastiki ya kupigia bata kwenye gemu ya Duck Hunt haitengenezeki kwa maana ya kuchezeka tena, hata ikiwa nzima kabisa, iwapo mteja ana TV ya flati. Bastola hiyo haitoi kitu chochote bali inapokea mwanga. Ukivuta kifyatulio, skrini inakuwa nyeusi kwa muda mfupi mno, halafu mahali alipo bata panang'aa weupe, na kijicho kilichomo ndani ya mtutu kinaangalia kama kimeuona weupe huo kwa wakati uliopangwa. Mashine na bastola vilipangwa kufuata namna TV ya chogo inavyochora picha papo hapo, mstari kwa mstari. TV ya flati huichakata picha kwanza kabla ya kuionyesha, na mwanga wake ni wa namna nyingine, hivyo bata hafi. Matangazo ya analojia yalipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, chogo ziliendelea kuishi kwa msaada wa ving'amuzi, lakini sasa zinauzwa kama vyuma chakavu, na kila inayovunjwa inaondoka na uwezo wa bastola hizo kufanya kazi.

Ninasikitika zaidi, hata hivyo, kwa magari ya waya. Mtoto wa Dar es Salaam aliyetengeneza gari lake alianza kwa kuangalia barabara. Walikuwepo waliotengeneza malori, na walikuwepo mafundi hasa waliotengeneza basi la Ikarus la UDA, shirika la usafiri la Dar es Salaam, yale marefu tuliyoyaita kumbakumba, likiwa na kiungo chake katikati kilichofungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili lipinde kona kama lenyewe. Bodi ilikatwa kutoka kopo la mafuta ya kupikia, magurudumu yalichongwa kwa wembe kutoka ndala zilizokatika, ekseli ilikuwa spoki, na usukani ulipanda juu kwa waya mrefu ili dereva akimbie nyuma ya gari akiwa wima. Gari la namna hiyo ni ushahidi: linaonyesha mabasi gani yalipita, mafuta gani yalipikiwa na viatu gani vilivaliwa mtaani mwaka huo. Kwa bahati mbaya wenyewe tuliyatupa mara tu yalipopinda.

Mambo ya wasichana yametoweka upesi zaidi. Mwanasesere wa matambara hakuishi zaidi ya msimu wake, na rede na mdako havikuacha kifaa chochote cha kuhifadhi. Hata tiara zimebadilika, kwani mikia yake tuliikata kutoka mifuko ya plastiki ya rambo, ambayo ilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Juni 2019 (uamuzi niliouunga mkono, nisije nikaeleweka vibaya).

Ombi langu linaelekezwa kwa wahusika wa Makumbusho ya Taifa. Pale Mtaa wa Shaaban Robert yamehifadhiwa magari yaliyowabeba viongozi wetu, ikiwemo Rolls-Royce, na ni sawa kabisa yawepo. Gari la waya lililotengenezwa na mtoto wa Keko au Magomeni lingestahili kukaa jirani yake. Asiyeamini kwamba kitu duni kinaweza kuingia mahali pa heshima aangalie tena hao hao wa Rochester, ambao katika orodha yao ya wanasesere na vichezeo bora waliingiza boksi la kadibodi mwaka 2005 na fimbo ya kawaida mwaka 2008.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Waliotengeneza kumbakumba za kopo bado wapo, wengi wao ni mafundi bati, seremala na madereva. Waitwe Kijiji cha Makumbusho mwishoni mwa wiki, wapewe waya, makopo na ndala kuukuu, watengeneze huku wakirekodiwa wakieleza kila kipande. Kwa upande wa gemu, zinahitajika TV za chogo zisizopungua mbili, moja ya kuonyesha na nyingine ya akiba, kwa sababu spea zake zinazidi kuadimika. Ninazo karakanani mashine kadhaa za nakala zenye kaseti zake na bastola, pamoja na chogo inayoonyesha vizuri, na nipo tayari kuzitoa bure na kuzihudumia bila malipo. Ninachohitaji kujua ni idara ipi inapokea vitu vya aina hii, na kama kuna fomu ya kujaza.

Fundi redio na televisheni,
Ilala, Dar es Salaam.