Shukrani kwa dada wa theluji

Dada yangu, jina lako silijui, ila acha nikushukuru hivyo hivyo.

Mimi ni fundi cherehani wa Ngamiani, Barabara ya 8. Usiku nikishafunga kazi najifunza katuni za kompyuta kwa programu iitwayo Blender, kwa raha zangu tu. Nikataka kijana anayevuka theluji nzito. Mtu wa Tanga theluji aijulie wapi? Yangu ilishuka kama mvua ya masika, wenzangu wakacheka: "Hiyo chumvi inamwagwa!"

Wewe ulikuwa umekwama ndani huko Kanada, theluji imefunika ngazi, unangoja gari la kuisukuma lipite. Badala ya kulala, ukanieleza mtandaoni. Tone kubwa la mvua hushuka karibu mita 9 kwa sekunde; theluji ni mita 1 hivi, tena huyumbayumba. Asubuhi ukajirekodi ukiizoa: koleo linazama taratibu, linatoka zito, nawe unakunja magoti, mgongo umenyooka. Na ukimya ule! Ulisema theluji mpya hunyonya sauti, nikafuta mlio wote wa upepo nilioubandika.

Katuni yangu ni fremu 24, yaani picha 24, kwa kila sekunde. Sekunde 6 zimenila majuma matatu (umeme nao una mambo yake). Sasa kijana anazama hadi magotini, anajing'oa mguu mmoja mmoja kama mtu kwenye tope la mikoko.

Ahsante, dada. Mola akuzidishie. Ukija Tanga, gauni nakushonea bure, kitambaa uchague mwenyewe.