Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Safari Zetu za Milimani na Misituni

Ndugu wanachama,

Kwa heshima na taadhima ninawasilisha kwenu taarifa ya shughuli za chama chetu kwa mwaka unaomalizika. Tulifanya safari tatu, yaani Udzungwa, Mlima Kenya na Kilimanjaro, na wote waliosafiri walirejea salama. Mapato na matumizi yataelezwa na Mhazini. Mimi nitajikita katika safari zenyewe, na hasa katika desturi yetu ya kuupima mwaka kwa idadi ya waliofika kileleni, ambayo sasa naamini inatuumiza.

Milima ya Udzungwa, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1992, haina kilele chenye jina kubwa, na ndiyo sababu wengi walisita kujiandikisha. Waliokwenda hawakujuta. Tukiwa njiani kuelekea maporomoko ya Sanje, ambayo maji yake hushuka kwa ngazi takriban mita 170, mwongozaji alituashiria tusimame kimya. Punde maganda ya matunda yakaanza kutuangukia mabegani, na tulipoinua macho tukawaona mangabi wa Sanje, aina ya kima, wakila bila kutujali. Wanyama hao hawapatikani mahali pengine popote duniani nje ya milima hiyo, na wanasayansi waliwatambua mwaka 1979 tu. Tulikaa chini yao karibu saa nzima, na hakuna aliyeuliza tutafika lini.

Mlima Kenya ulitufunza kwa njia ngumu zaidi. Tulilala kambi ya Shipton, mita 4,200 hivi, tukaondoka usiku kuelekea kilele cha Lenana, mita 4,985. Mwenzetu mmoja alikuwa akiumwa kichwa na kutapika tangu jana yake, naye akanyamaza ili asiachwe nyuma. Niligundua pale tu nilipomwona akihangaika kufunga kamba za viatu, vidole vikimkatalia kama vya mtoto mdogo. Tuligeuka naye papo hapo, kwa kuwa dawa ya uhakika ya ugonjwa wa mwinuko, yaani ule unaompata mtu akipanda juu sana ambako hewa ni nyepesi, ni kushuka, na kabla ya jua kuwa kali alikuwa tayari anakunywa uji mita mia kadhaa chini. Simlaumu hata kidogo. Katika mkutano mkuu uliopita tuliwasimamisha waliofika kileleni tukawapigia makofi, na waliogeuka tukawaacha wamekaa. Tulimfundisha sisi wenyewe kuficha maumivu.

Kuhusu Kilimanjaro nina mambo mawili. La kwanza ni mizigo. Kikomo cha mzigo wa mpagazi ni kilo 20, na langoni mizani ilionyesha wazi kwamba baadhi yetu tulikuwa tumejaza vitu visivyo vya lazima, tukalazimika kuvipunguza mbele ya watu watakaovibeba. Jambo hilo linatia aibu, na lilipaswa kumalizwa kabla ya kuondoka. La pili ni ile miti mirefu ya senesio iliyo juu ya ukanda wa msitu. Majani yake yaliyokauka hayadondoki, bali huuzunguka mti mithili ya koti zito na kuukinga na baridi ya usiku. Mmoja wetu aliyabandua mengi ili atandike ndani ya hema, bila kujua kwamba alikuwa anauvua mti nguo yake. Kosa ni la uongozi, kwani hatukumweleza mapema.

Kwa hiyo kamati inapendekeza kwamba kuanzia mwaka ujao kiongozi wa safari awe na kauli ya mwisho ya kumrudisha yeyote anayeonyesha dalili za ugonjwa wa mwinuko, kwamba mizigo yote ipimwe siku moja kabla ya safari, na kwamba angalau safari moja kwa mwaka iwe ya msitu pekee. Aidha, orodha ya waliofika kileleni isisomwe tena katika mkutano huu. Mwaka huu sikuiandaa.

Naomba wanachama mjadili mapendekezo haya na kuyapigia kura.

Mwenyekiti