Waslavi, Wanepali na sisi: tuulize kwanza waliingilia mlango upi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno juu ya ulinganisho ambao nimeusikia mara nyingi mno miongoni mwa Waswahili tunaoishi hapa Ohio, Marekani, na ambao sasa unavuka bahari na kufika nyumbani kwa njia ya simu. Husemwa hivi: Waslavi, yaani watu wa Ulaya ya mashariki kama Wapolandi, Warusi na Waukraine, walikuja mikono mitupu, na leo wana malori na kampuni za ujenzi, Wanepali walitoka kambini juzi, vijana wao wananunua nyumba lakini wazee wao wanaishi kwa posho ya serikali, basi Waslavi ni watu wa kazi, Wanepali ni watu wa kubahatisha, na sisi tuliotoka Kongo, Burundi na Kigoma tujipime hapo katikati. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili mjini Columbus. Kwa miaka mingi nimekaa kwenye mabenchi ya zahanati na ofisi za misaada pamoja na wakalimani wa Kirusi na wa Kinepali, tukingoja zamu zetu na kusimuliana habari za watu tunaowasemea. Niliyoyasikia huko hayakubaliani kabisa na ulinganisho huo, na inaniuma kuona wazazi wanaurithisha kwa watoto wao.

Nianze na Waslavi, kwa kuwa wao ndio tunaoambiwa tuwaige. Jina hilo linakusanya watu waliofika kwa nyakati zilizopishana miaka mia moja. Wa kwanza walikuja kati ya 1880 na 1914, Wapolandi, Waslovakia, Wakroatia na Waukraine, wengi wao wakulima wasiokuwa na ardhi, wakaingizwa katika viwanda vya chuma na migodi ya makaa ya mawe. Hapa Ohio, Wapolandi na Wacheki waligoma katika kiwanda cha chuma cha Cleveland mwaka 1885 baada ya mshahara kukatwa. Huko Lattimer, Pennsylvania, mwezi Septemba 1897, wachimbaji wa makaa waliokuwa wakiandamana bila silaha walipigwa risasi na askari wa shirifu, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, wakafa 19, na mahakama ikawaachia waliofyatua. Katika wilaya ya Allegheny, yaani Pittsburgh na viunga vyake, wafanyakazi 526 walikufa kazini katika mwaka mmoja tu, kuanzia Julai 1906 hadi Juni 1907. Zamu ya saa 12 katika matanuru ya chuma haikuondolewa hadi 1923.

Naomba msomaji aitafakari hali hiyo kwa makini. Kama mtu angefanya ulinganisho wake mwaka 1910, angesema nini juu ya Waslavi? Hatuna haja ya kubahatisha, kwa sababu ulifanywa. Tume ya Bunge la Marekani iliyoongozwa na Seneta William Dillingham ilitoa taarifa yake mwaka 1911 katika mabuku 41, ikahitimisha kwamba wahamiaji wa kusini na mashariki ya Ulaya hawakuwa wa kiwango cha wale waliowatangulia na kwamba idadi yao ipunguzwe. Mwaka 1924 sheria ikapitishwa iliyowafungia mlango karibu wote. Kumbe watu wale wale ambao leo tunatajiwa kuwa mfano wa bidii ndio waliotangazwa, kwa takwimu na kwa mihuri ya serikali, kuwa watu wasiofaa.

Kilichowainua kinajulikana. Mwaka 1937 chama cha wafanyakazi wa chuma kilipata mkataba na kampuni ya U.S. Steel. Mwaka 1944 ikaja sheria iliyowapa askari waliorudi vitani ada za masomo na dhamana ya mikopo ya nyumba, na vijana wa Kislavi waliokuwa jeshini walikuwa wengi. Serikali ilidhamini mikopo ya nyumba katika mitaa ya weupe na kuikwepa mitaa ya weusi, na Waslavi, hata walipokuwa wakidharauliwa, kisheria walihesabiwa kuwa weupe. Hapo ndipo tofauti kubwa na watu wa Asia ya Kusini inapoanzia. Mwaka 1923 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba Bhagat Singh Thind, Kalasinga aliyekuwa amelitumikia jeshi la nchi hiyo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, hawezi kuwa raia kwa kuwa si mtu mweupe. Zuio hilo kwa Wahindi halikuondolewa hadi 1946. Katika miaka ambayo babu wa Kipolandi alikuwa akiweka akiba ya nyumba yake ya kwanza huko Cleveland, mtu wa bara Hindi hakuruhusiwa hata kuomba uraia.

Waslavi wa pili ndio hawa wa malori. Walikuja baada ya 1989, Bunge liliposhusha kiwango cha ushahidi unaotakiwa ili mtu apokewe kama mkimbizi, kwa Wayahudi, Wapentekoste, Wabaptisti na waumini wengine walioonewa katika Muungano wa Kisovieti. Wengi walikwenda Sacramento na Portland. Waliteswa kwa imani yao, na sitaki mtu adhani kwamba naidharau dhiki hiyo. Lakini wengi wao waliondoka kutoka nyumba zao wenyewe na si kutoka kwenye mahema, walikuwa wamesoma shule, walikuwa na ufundi wa kuchomelea vyuma, useremala na umakanika, na huku walipokewa na jamaa pamoja na makanisa yaliyokwisha kujengwa. Wa tatu, wale waliokimbia vita vya Ukraine tangu 2022, wengi waliingia kwa kibali cha muda cha miaka miwili ambacho si hadhi ya ukimbizi, na bado wanaishi bila kujua kesho yao. Ukiwaweka wote hao katika fungu moja liitwalo Waslavi, umelinganisha mjukuu wa mchimba makaa na mama aliyeshuka kwenye ndege majuzi.

Wanepali nao ni watu wa namna mbili chini ya jina moja. Wapo waliotoka Nepal yenyewe kwa masomo au kwa bahati nasibu ya viza, na wengi wao wana shahada. Na wapo Walhotshampa, watu wasemao Kinepali ambao wazee wao walilima kusini mwa Bhutan kwa vizazi kadhaa. Sheria ya uraia ya Bhutan ya 1985 iliwataka waonyeshe kwamba walikuwa wakiishi nchini humo mwaka 1958. Sensa ya 1988 ikawageuza maelfu yao kuwa wageni. Kisha lugha yao ikaondolewa shuleni, na mapema katika miaka ya 1990 wakafukuzwa. Zaidi ya watu 100,000 walikaa katika kambi saba mashariki mwa Nepal kwa karibu miaka 20, nchi iliyosema lugha yao lakini haikuwapa uraia wake. Walianza kuhamishiwa nchi nyingine mwishoni mwa 2007, na zaidi ya 90,000 wakaletwa Marekani. Mji wetu wa Columbus ni mmoja wa miji yenye jumuiya kubwa kabisa ya watu hao.

Kwa hiyo msomaji anapoambiwa kwamba mwaka 2019, kwa hesabu za kituo cha utafiti cha Pew, kipato cha katikati cha kaya ya Kinepali kilikuwa dola 55,000 kwa mwaka wakati cha kaya za Waasia wote kilikuwa dola 85,800, asikimbilie kuwahukumu. Katika hesabu kama hiyo yumo daktari aliyesomea Kathmandu, na anaweza kuwemo pia mkulima wa Bhutan anayefunga masanduku ghalani usiku kucha, kwa kuwa mtu huhesabiwa kwa jina analojiandikia mwenyewe.

Jambo linalonigusa kuliko yote ni la wazee. Marekani ina posho kwa wazee na walemavu wasio na kipato. Sheria ya Agosti 1996 ilimwekea mkimbizi kikomo cha miaka mitano ya kuipokea posho hiyo, na mwaka 1997 kikasogezwa hadi saba. Akipita hapo bila kuwa raia, posho hukatwa, isipokuwa kwa wachache. Wale waliokuwa tayari wakiipokea sheria ilipopita, na miongoni mwao walikuwamo wazee wengi waliotoka Muungano wa Kisovieti, waliruhusiwa kuendelea nayo. Mzee wa Kinepali aliyefika 2009 alianza kuhesabiwa siku alipoingia. Uraia huombwa baada ya miaka mitano na mtihani wake ni wa Kiingereza. Anayeruhusiwa kuufanya kwa lugha yake ni mwenye umri wa miaka 55 aliyekaa na kibali cha ukaazi kwa miaka 15, au wa miaka 50 aliyekaa 20. Posho inakatika mwaka wa 7 na nafuu ya lugha inaanza mwaka wa 15. Njia iliyobaki ni daktari kuthibitisha kwamba maradhi yanamzuia kujifunza. Nimemwona bibi wa Kinepali kwenye benchi akisikiliza maswali ya uraia yaliyorekodiwa na mjukuu wake, akiyarudia kwa sauti ya chini, kidole chake kikifuata herufi ambazo hakuwahi kufundishwa kusoma. Mzee wa Kirusi aliyekaa kando yake alikuwa na gazeti mkononi. Wote wawili walikuwa wakimbizi, wote wawili walikuwa na miaka zaidi ya 70. Mtu atasemaje kwamba tofauti yao ni bidii?

Vijana wa kambi zile, kwa upande wao, walisomeshwa kwa Kiingereza kambini, na jambo hilo peke yake linaeleza sehemu kubwa ya mafanikio yao ya haraka. Mwaka 2019 wakazi wa Reynoldsburg, jirani kabisa na hapa, walimchagua Bhuwan Pyakurel kuwa diwani, mtu aliyepitia kambi hizo, wa kwanza kutoka jumuiya yake kushika wadhifa wa kuchaguliwa nchini humu. Lakini jumuiya hiyo hiyo iliomboleza watu wake 16 waliojiua kati ya mwanzo wa 2009 na mwanzo wa 2012, kiasi ambacho, kwa kulinganisha idadi ya watu, kilizidi sana kile cha Wamarekani kwa jumla, na wataalamu wa afya wa serikali walikwenda kuzungumza na familia zilizofiwa. Walikuta watu wasio na kazi, wanaolemewa na lugha na waliotengana na jamaa zao. Nyumba iliyonunuliwa na msiba uliofichwa vinaweza kuwa katika ukoo mmoja, na ulinganisho wa mali hauuoni huo wa pili.

Niseme pia kwamba ndani ya kila moja ya jamii hizo mbili watu walisaidiana kwa namna ambayo Mswahili yeyote ataitambua bila kuelezwa. Waslovakia walianzisha chama chao cha kitaifa Pittsburgh mwaka 1890, na kazi yake kubwa ilikuwa ile ya chama cha kuzikana, yaani kuchangia mazishi na kumsaidia mjane wa aliyefia kiwandani. Wapolandi wa Brooklyn walianzisha chama chao cha akiba na mikopo mwaka 1976 ili wapate mikopo ya nyumba ambayo benki hazikuwa tayari kuwapa. Wanepali wana dhikuti, ambayo ni upatu wetu huu huu. Bidii na ushirikiano havikukosekana kwa yeyote.

Sasa nirudi kwetu. Mkongomani aliyetoka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi ya Kigoma, Tanzania, iliyofunguliwa 1996, alisoma kwa mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, ili siku moja arudi kwao. Akaletwa Ohio, mahali ambapo Kifaransa hakimfungulii hata mlango wa ghala. Kijana wa Kinepali wa umri wake alifika na Kiingereza. Hilo ni pengo la miaka kadhaa ya mshahara, na halihusiani na tabia ya Wakongomani. Tena, kama Mslavi maskini anavyofichwa na neno «mweupe» katika fomu za serikali, ndivyo Mkongomani anavyofichwa na neno «mweusi», hata shule na zahanati zikashindwa kujua ni wakalimani wangapi wa Kiswahili wanaohitajika.

Ndiyo maana nawaomba viongozi wa makanisa, misikiti na vyama vyetu huku ughaibuni waanze kuweka daftari la watu wao: mwaka wa kuingia, kambi waliyotoka, lugha waliyosomea na umri. Nawaomba waanze na wazee. Waliofika 2016 walitimiza miaka saba mwaka 2023. Waliofika 2018 walitimiza 2025. Na kila mwezi nakalishwa mbele ya mama au baba wa Kiswahili anayeshika barua ya kukatiwa posho, akiniuliza amekosa nini. Baadhi yao wangeweza kuanza masomo ya uraia miaka mitatu mapema kama mtu angewaambia kwa lugha yao. Gazeti lako linasomwa na watoto wao huku na ndugu zao huko. Tafadhali, Mhariri, ichapishe hesabu hiyo ya miaka, ili anayemfahamu mzee aliyefika miaka ya karibuni ampigie simu wiki hii.

Wako,
Mkalimani wa Kiswahili,
Columbus, Ohio