Kaitafute ile karatasi ya operesheni

Shoga yangu, salama?

Pole sana na huo mkono jamani. Mi kilichonishtua sio kuanguka, sote tunateleza bafuni, ila kuteleza kidogo tu ukajishikia kiganja na mfupa ukakatika, na we una miaka 47, hukudondoka darini wala bodaboda haikukugonga. Hayo ya jirani kwamba kuna mtu ana kijicho na wewe mwachie mwenyewe, mi nina swali lingine kabisa.

Ile operesheni ya faibroidi uliyofanya ukiwa na 43, walitoa kizazi peke yake au waliondoa na ovari? Usinijibu kwa kukumbuka, kaitafute karatasi waliyokupa siku unatoka hospitali. Ukiona wameandika TAH tu, ujue ni kizazi, ukikuta na BSO pembeni, basi mirija na ovari zote mbili zilienda. Sisi tukishasema "nimetolewa kizazi" tunaona yameisha, kumbe ovari zikibaki estrojeni, ile homoni ya kike, inaendelea kutoka hata kama damu huioni tena, zikitolewa unaingia menopozi siku hiyohiyo, hakuna cha hedhi kurukaruka miaka miwili mitatu kama wenzetu. Na yale majoto yako ya usiku, shuka linalowa chapa halafu unasingizia feni, mwenzio sikuyapenda toka zamani.

Sasa mfupa nao ni kitu hai, kila siku kuna seli zinabomoa wa zamani na zingine zinajenga mpya, estrojeni ndo inawashika wale wabomoaji wasizidishe. Ikiondoka wanabomoa tu, wajenzi hawawafikii. Miaka mitano mpaka saba ya mwanzo ndo balaa lenyewe, mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mfupa wake na hasikii hata kidonda kinauma wapi. Mara nyingi kuvunjika kunaanza kifundo cha mkono, baadaye mgongo, halafu nyonga, na nyonga sitaki hata kuisikia maana wengi wakishavunjika hapo hawarudi kutembea kama zamani. Mama mkubwa wangu wa Tanga kila akivaa dera anamlaumu fundi, eti linaburuza, dera ni lilelile, yeye ndo kapungua kimo, pingili za mgongo zimebonyea.

Ukirudi kufunguliwa POP, hiyo plasta ngumu ya mkono, usiondoke bila kumwambia daktari mambo yote mawili, operesheni na zile prednisolone za pumu unazomeza mara kwa mara, nazo zinakula mfupa. Muulize kipimo cha DEXA, kile cha kupima uimara wa mfupa, majibu yakija minus 2.5 au chini ya hapo mifupa imeshadhoofika. Eksirei ya kawaida isikudanganye, inaweza kuonekana safi wakati mfupa umeshapungua sana. Najua DEXA haipo kila hospitali na bei yake inauma, ila hata ikikosekana mfupa uliovunjika kirahisi hivyo ni ushahidi tosha wa kuanzia. Na homoni muulize pia usione haya, waliotolewa ovari mapema mara nyingi wanashauriwa kuzitumia mpaka kwenye miaka 51 hivi, labda kama kuna kitu kinamzuia mtu, mfano saratani ya matiti.

Chakula unakijua, dagaa wale na mifupa yao acha kuwachambua kama mgeni, na maziwa, glasi moja ina kalsiamu kama miligramu 300, sisi tukishavuka 50 tunatakiwa 1200 kwa siku. Jua upate kidogo, ofisini kwenu mnakaa kwenye AC toka asubuhi mpaka giza. Na ule mpango wako wa kuogelea ni mzuri kwa moyo ila mfupa unataka uzito, tembea, panda ngazi, mkono ukipona ubebe uzito kidogokidogo.

Ukiipata karatasi ipige picha unitumie WhatsApp leoleo, mdogo wangu nesi yuko hapa mpaka Jumapili atatusomea hayo maandishi ya madaktari. Shemeji msalimie, mwambie kufua ni zamu yake.

Wako shoga