Mapagale yetu ni maficho ya wezi, nasi wenyewe hatuchangii ulinzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na wenzangu wenye nyumba na viwanja katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani, ingawa nadhani nitakayoyasema hayatakuwa mageni kwa ndugu zetu wa Lindi. Tumezoea kulalamika kwamba wizi umezidi mitaani, kwamba vijana wa ulinzi shirikishi wanalala zamu, kwamba polisi wakiitwa hawafiki kwa wakati. Mimi mwenyewe nimelalamika hivyo kwa miaka, tena kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, mpaka msimu wa korosho uliopita nilipopata jibu ambalo sikulitarajia.

Jirani yangu, mama mjane mwenye shamba dogo la mikorosho upande wa Naliendele, alikuwa ameanika korosho zake uani juu ya turubai. Jioni akazijaza kwenye gunia, akaliegemeza ukutani chini ya dirisha la chumba anacholala, akingoja kuche alipeleke kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika. Usiku gunia likaondoka. Saa kumi na moja alfajiri kijana mmoja wa zamu alimulika tochi njiani akaona korosho moja, hatua chache mbele akaona nyingine, kisha tatu kwa pamoja. Panya walikuwa wamelitoboa gunia pembeni, na mwizi alilibeba begani bila kujua kwamba linavuja. Vijana wakaufuata mstari ule taratibu, mmoja akiziokota na kuzitia mfukoni ili mama wa watu asipungukiwe hata punje, na mstari ukawapitisha nyuma ya kisima, ukakata uchochoro, ukaishia kwenye fremu tupu ya mlango wa pagale, yaani nyumba iliyoachwa kabla haijakwisha kujengwa. Pagale hilo ni langu.

Nilibishiwa hodi kabla ya jua kutoka. "Shikamoo mwalimu," akasema mkubwa wao, "korosho zimeishia kwako." Nikaenda nao. Ndani ya chumba nilichokusudia kiwe sebule, mahali ambapo sasa umeota mpapai mrefu kuliko mimi, tulikuta gunia la mama, mita mbili za maji zilizong'olewa, mafungu ya waya wa umeme uliokwisha kuchunwa, na maboksi yaliyotandikwa vizuri kama kitanda. Mtu alikuwa akiishi pale. Mama mwenye korosho alipofika alitazama maboksi, akanitazama mimi, akasema, "Kumbe mwalimu, mfugo wenyewe tuliokuwa tunautafuta ulikuwa unalala kwako."

Lazima nieleze jinsi pagale lile lilivyokuwa katika hesabu za ulinzi. Mtaa wetu unachanga shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kila kaya, fedha za posho ya vijana wa doria, betri za tochi, filimbi na makoti ya mvua. Kwa nyumba ninayolala nimekuwa nikilipa, si kila mwezi, lakini nimekuwa nikilipa. Kwa pagale sikuwahi kutoa hata senti moja, na mjumbe aliponiuliza nilimjibu, kwa ujasiri ambao leo unanifedhehesha, kwamba mle hamna mtu wa kulindwa. Kumbe alikuwamo, na alikuwa akilindwa barabara, kwa kuwa hakuna mlinzi anayeingia usiku katika jengo la mtu bila ruhusa ya mwenyewe.

Baada ya tukio lile nilizunguka mtaa mzima pamoja na mjumbe, tukahesabu mapagale kumi na moja, bila kutaja viwanja ambavyo ni kichaka kitupu. Katika hayo kumi na moja, ni wenye mapagale manne tu tuliowapata kwa simu. Wengine wako Dar es Salaam, wengine Masasi na Newala, mmoja inasemekana alikwisha kufariki na warithi hawajaelewana. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa hana namba zao wala hajui sura zao. Uongozi unamjua mpangaji wa chumba kimoja kwa jina la baba yake na kabila lake, kwa sababu alipohamia alitakiwa aandikishwe katika daftari la wakazi, lakini mwenye kiwanja cha mita mia sita kilichojaa vichaka na nyoka haandikwi popote pale mtaani.

Hali hii ina historia yake, na wenye kuwalaumu vijana kwa uvivu wangefaa waikumbuke. Katika miaka ya matumaini ya gesi, kabla bomba la kwenda Dar es Salaam halijazinduliwa mwaka 2015, watu wa karibu na wa mbali walinunua viwanja Mtwara kama wanaonunua samaki feri, kila mmoja akiamini kwamba mji utapanda kesho asubuhi. Wakamwaga misingi, wakapandisha kuta, wengine wakaishia hapo. Isitoshe, huku kwetu nyumba hujengwa kwa misimu ya korosho. Msimu wa 2017/18 bei kwenye minada ilipanda vizuri, na mifuko ya saruji ikaonekana kila uchochoro. Msimu uliofuata minada ikakwama, Serikali ikanunua korosho yenyewe, malipo yakachelewa kuwafikia wengi, na kuta zilizokuwa zikingoja lenta zikabaki zikingoja. Langu si la korosho, ni la kiinua mgongo cha ualimu, lakini liligota palepale kwenye kupaua. Kwa hiyo siungi mkono hata kidogo kauli niliyoisikia kwenye mkutano kwamba mapagale yabomolewe. Kwa mtu wa kipato chetu pagale ndiyo benki yake, na huwezi kumvunjia mtu benki kwa sababu kibaka amelala mlangoni.

Ninachokipinga ni mzigo kuwaangukia wasiostahili kuubeba peke yao. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida yenye mita inakatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Anayenunua umeme ndiye anayekatwa, na katika nyumba nyingi za mtaa wetu anayenunua umeme ni mpangaji. Sijasikia bado mpangaji aliyerudishiwa fedha hiyo na mwenye nyumba wake, ingawa huenda wapo. Pagale halina LUKU, kwa hiyo mita haimkumbushi mwenyewe chochote. Ukija kwenye mchango wa ulinzi unakuta habari ni ileile: anayegongewa mlango jioni na kutoa 2,000 ni mama ntilie aliyepanga chumba na dereva wa bodaboda aliyepanga chumba cha pili, nao ndio wanaomlindia mwenye nyumba aliyeko Kariakoo matofali yake, nondo zake na mbao zake za kupaulia.

Wapo watakaosema kwamba ulinzi ni kazi ya dola na kwamba tumekwisha kuulipia kwa kodi. Hoja hiyo siidharau. Lakini Katiba yetu, katika Ibara ya 146, inapozitaja kazi za serikali za mitaa inataja pia kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi, na serikali ya mtaa haina askari wala bajeti ya askari, ina sisi. Mkaguzi wa polisi wa kata ni mmoja kwa mitaa yote ya kata, na hawezi kuwa nyuma ya kila kisima saa tisa za usiku.

Niseme pia juu ya ubora wa ulinzi huo, maana wengi wanadhani fedha zile ni za kununulia rungu. Siku mbili baada ya gunia kupatikana, aliyekuwa akilala kwenye maboksi alirudi, nadhani hakujua kwamba mambo yamefichuka. Vijana walikuwa wamejibanza, wakamshika. Filimbi ilipolia watu walifurika kwa dakika chache, baadhi wakiwa tayari wameshika matofali, tena matofali yangu, ya tripu niliyoipanga pembeni ya pagale. Kijana mwenyewe hakufika umri wa miaka ishirini na alikuwa amevaa ndala zisizofanana. Walinzi wanne walisimama kwenye fremu ya mlango, wakapeana migongo, wakakataa mtu yeyote asiingie, huku wa tano akimpigia simu mkaguzi. Walitukanwa matusi ambayo siwezi kuyaandika gazetini. Gari la polisi lilichukua karibu saa nzima, na kwa saa nzima hawakuondoka pale.

Nilipowauliza baadaye walipata wapi moyo ule, walisema mkaguzi wa kata alikwisha kuwakalisha chini na kuwafundisha kwamba Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele yake, lakini inamtaka amfikishe polisi bila kuchelewa, na haimpi ruhusa ya kumwadhibu. Mtaa usio na walinzi wenye mafunzo haukosi ulinzi, Ndugu Mhariri. Unalindwa na umati, na umati hauulizi mara mbili. Fikiri ingekuwaje kama tochi ya alfajiri ile ingeshikwa na watu wenye hasira, wakaufuata mstari wa korosho mpaka kwenye jengo langu, wakamkuta mle fundi wangu aliyejisitiri mvua.

Sasa nije kwa upande wa viongozi, kwa sababu haki ni kuyasema yote. Watu wa mtaa wetu walipunguza kuchangia kwa sababu kwa muda mrefu hesabu haikusomwa. Fedha ziliingia, posho zikachelewa, vijana wawili wakaacha, na aliyeuliza aliitwa mkorofi. Wapo pia waliokataa kumpa fedha balozi wa nyumba kumi kwa maelezo kwamba yeye ni kiongozi wa chama na si wa mtaa, na hapo sioni kosa lao: mfumo wa nyumba kumi ulizaliwa enzi za chama kimoja, na tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 mchango wa ulinzi wa watu wote ulipaswa kupita kwenye ofisi ya mtaa na kukatiwa risiti. Baada ya uchaguzi wa Novemba 2024 uongozi ulianza kubandika mapato na matumizi kwenye mlango wa ofisi, karatasi moja ya mwandiko wa mkono kila mwisho wa mwezi, na nimeona kwa macho yangu watu wakiisoma huku wakifuata majina kwa kidole, wakitafuta nani hajalipa. Nisingependa kusema jina langu lilikuwa wapi.

Ninachoomba ni machache. Kila mwenye kiwanja au boma, awe anaishi humu au Dar es Salaam, aandikwe kwenye daftari la mtaa pamoja na namba yake ya simu na ya ndugu mmoja aliye karibu, na achangie ulinzi sawa na mwenye nyumba iliyokamilika. Milango na madirisha ya pagale yazibwe kwa tofali za kupanga hata bila saruji, na majani yafyekwe angalau mara mbili, mvua zikianza na zikiisha. Manispaa isaidie kwa kuzitumia sheria ndogo za usafi na mazingira kwa mwenye pagale kama inavyozitumia kwa muuza mihogo. Na vibao vya anwani za makazi, ambavyo tuliandikiwa wakati wa operesheni ya mwaka 2022, vibandikwe hata kwenye majengo ambayo hayajaisha. Usiku ule simu ya kumwelekeza dereva wa gari la polisi ilichukua muda mrefu sana kwa sababu pagale langu halina namba, na "ukifika kwenye mwembe kata kushoto" haimsaidii askari aliyehamia kutoka Mbeya, kama ambavyo haitamsaidia wa Zimamoto siku utakapopiga 114 nyumba ikiwaka.

Kwa upande wangu, nimelipa malimbikizo ya pagale kwa miezi kumi na minne niliyoweza kuikumbuka, nimeziba fremu zote isipokuwa moja, na ufunguo wa kufuli la hiyo moja nimeukabidhi kwa kiongozi wa doria mbele ya mjumbe, na tumeandikishana. Mpapai nimeuacha, una mapapai mawili yanayokaribia kuiva. Mkutano wa mtaa umeitwa Jumamosi ijayo saa kumi alasiri kwenye ofisi ya mtaa, na ajenda ya kwanza ni mapagale. Wenye majengo ambao hatukuwapata kwa simu, kama barua hii itawafikia huko waliko, wampigie mwenyekiti au wamtume ndugu.

Wasalaam,
Mwalimu mstaafu na mwenye pagale,
Mtwara-Mikindani.