Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya Zanzibar: dakika moja ya kuhesabu pumzi

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kutoka Wete, Pemba, nikiwa mzazi.

Masika yaliyopita mwanangu wa miezi minane alishikwa na homa na kikohozi. Bibi yake alimsugua kifua kwa mafuta ya makonyo usiku, asubuhi tukampeleka kituoni. Alipimwa malaria, hana. Tukaambiwa ni mafua, tukapewa dawa ya homa. Fulana yake haikufunuliwa.

Siku ya pili jioni alikataa kunyonya, tukaenda kwengine. Huko muuguzi alimpakatisha mama yake, akangoja mtoto anyamaze, akapandisha fulana, akaiweka simu juu ya goti na kuhesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima. Pumzi 62. Kwa umri ule, 50 zinatosha kushuku nimonia. Akishatimiza mwaka, 40. Chini ya mbavu palikuwa pakibonyea kila anapovuta pumzi, na mimi nilikuwa nimepatazama siku mbili nzima nisijue ninachokiona. Alilazwa siku sita. Alhamdulillahi, amepona.

Yule aliyetupokea mwanzo alikuwa peke yake, na foleni imefika mpaka chini ya mwembe. Zamani hapa homa ilikuwa malaria mpaka ithibitike vyengine. Sasa malaria imepungua sana visiwani, na kipimo kikisema hakuna, tabibu anabaki na kikohozi mkononi: chaweza kuwa mafua, pumu, nimonia, hata kifua kikuu. Eksirei haipo kila kituo, na hata ikiwepo haitenganishi kwa yakini bakteria na virusi. Makohozi mtoto mdogo hayatoi, anayameza. Basi mmoja anapewa antibayotiki asiyoihitaji, na aliyeihitaji anarudi nyumbani na parasetamoli.

Ninachoomba, Mheshimiwa, ni kila kituo kipate kifaa cha kupima oksijeni chenye kibanio cha mtoto, maana cha mtu mzima hakikai kwenye kidole kile kidogo. Ikisoma chini ya asilimia 90, apewe rufaa saa ile ile, na usafiri uwepo. Wahudumu wafundishwe pia mipaka ya kifaa chenyewe: piko, ile rangi nyeusi ya urembo, likiwa kidoleni linaweza kukizuia kusoma, mtoto akifurukuta namba inayumba, na kwenye ngozi nyeusi kama zetu huweza kuonesha oksijeni nyingi kuliko iliyomo mwilini. Mbavu zikibonyea, namba nzuri isimtulize mtu.

Na asubuhi, foleni inapokuwa ndefu, awepo mtu wa pili ambaye kazi yake ni kuwahesabia pumzi watoto wanaokohoa kabla hawajaingia kwa tabibu. Kazi hiyo inahitaji saa yenye mshale wa sekunde, na mtu asiyeharakishwa.

Siku za chanjo mama zetu hukaa kwenye mabenchi tangu asubuhi. Pale pale waoneshwe kifua kinachobonyea kikoje, na kina baba tuitwe.

Wako mtiifu,
Mzazi, Wete