WPF kwenye .NET 9: mandhari mpya na mifano ya kujifunzia

Habari zenu wanakikundi,

Wale mnaoandika programu za Windows kwa C#, someni hili hadi mwisho. .NET 9, toleo la jukwaa la Microsoft la kuandikia programu lililotoka Novemba 2024, iliipa WPF (zana ya kujengea madirisha ya programu za Windows) mandhari ya Fluent, yaani mtindo wa muonekano wa Microsoft. Ukiiwasha, vitufe, menyu na madirisha vinafanana na vya Windows 11. Fungua App.xaml (faili la mipangilio ya programu nzima), ongeza ThemeMode="System" kwenye lebo ya Application, na programu itafuata mpangilio wa mtumiaji, uwe wa mwanga au wa giza. Ukitaka kuulazimisha mmoja, andika Light au Dark. Ukiigusa ThemeMode ndani ya msimbo wa C# utaona kosa la WPF0001, kwa kuwa katika .NET 9 ni ya majaribio.

Jambo moja la kuangalia kabla ya kuhamisha mradi wa zamani: BinaryFormatter, zana ya zamani ya kugeuza vitu vya programu kuwa data ya kuhifadhi au kunakili, imeondolewa. Kama programu yako inanakili na kubandika vitu vyako mwenyewe kupitia ubao wa kunakili, ijaribu sehemu hiyo kwanza.

Kwa mifano, nendeni GitHub, hazina ya Microsoft iitwayo WPF-Samples. Ndani yake kuna WPF Gallery, inayoonyesha vidhibiti (sehemu za dirisha kama vitufe na menyu) pamoja na msimbo wake, na kwa maoni yangu hakuna pa kuanzia pazuri zaidi. Wageni, chukueni CalculatorDemo: ni kikokotoo kidogo, kinasomeka chote kwa kikao kimoja. Mkishaielewa, ingieni folda ya Data Binding (kuunganisha data na kinachoonekana dirishani), maana hapo ndipo wengi wetu hukwama.

Tumeni picha za madirisha yenu hapa kabla ya Jumamosi, tuzipitie pamoja.